Mazishi ya Kifungo Chekundu

Jumamosi, Kilwa Masoko. Mawingu tangu asubuhi, mvua yenyewe haijaja, na mimi nina furaha ambayo siwezi kumweleza mteja yeyote.

Leo tumemzika mtu ambaye hajawahi kuwapo.

Kwa asiyetujua: kila Jumamosi baada ya alasiri nafunika cherehani, naondoa vitambaa, na meza yangu ya kukatia inageuka nchi. Milima naichora kwa chaki ya fundi. Mimi ndiye msimulizi. Nasema nyuma ya mlango kuna nini, wenzangu wanasema watu wao wanafanya nini, na pakiwa na mashaka dadu ya ludo inaamua. Kila mtu wa hadithi ni kifungo cha nguo. Tulijifunza wenyewe, kwa video za simuni na kwa kubishana.

Mwalimu Bakari, wa shule ya msingi, ndiye mlinzi wa daftari la kanuni. Ukisema mtu wako anaruka ukuta, anauliza ukuta una urefu gani. Zuhura muuza maandazi hakumbuki kanuni hata moja, ila mtu wake, Bi Kiroboto, kifungo chekundu, mwizi anayeogopa paka, anamjua kuliko anavyowajua shemeji zake. Ametembea naye miezi minane.

Leo Kiroboto alikuwa majeruhi, na Zuhura akataka ampite mlinzi wa ghala. Kanuni inasema majeruhi akipata moja mara mbili mfululizo, amekufa. Aliyeitaka kanuni hiyo ni Zuhura mwenyewe, siku alipochoshwa na askari wa Mwalimu asiyekufa.

Akarusha. Moja.

Akarusha tena. Dadu ikaviringika hadi upande wangu, nyuma ya daftari nililolisimamisha kuficha siri za hadithi. Moja. Niliyeiona ni mimi peke yangu.

Kiwiko kidogo tu, ingekuwa nne.

Niseme ukweli, maana hapa hanisomi Mwalimu: kiwiko hicho nimeshakitumia. Yule askari wake alipaswa kufa zamani. Tangu siku ile, kila nikisimulia ushujaa wake najisikia kama ninayesifia shati ninalojua limeshikwa kwa pini.

"Moja," nikasema.

Zuhura akakunja kanga yake, akavuta ndoo ya maandazi. "Basi. Mchezo wenyewe wa watoto." Nikajua akitoka hivyo harudi, na sisi wawili tutakaobaki tutakuwa tunasahihishana daftari.

Nikamtazama Mwalimu, nikitegemea asome kanuni kwa sauti. Badala yake akakamata kile kifungo, akapiga ukelele, akalala chali mlangoni kwangu na suruali yake ya kazini.

"Maiti haitoki!"

Nilikuwa nimesahau. Zuhura ni Mngindo, Mwalimu ni Mmatumbi. Ni watani hao, na mtani msibani yuko kazini.

"Hakikisheni kwanza," Mwalimu akaendelea. "Marehemu alikuwa mwoga. Huenda kajificha tu." Akainuka, akatembea kwa ncha za vidole kama Kiroboto, akakutana na paka asiyekuwapo, akarukia stuli yangu. "Mwizi gani huyu! Kaiba sufuria, kasahau mfuniko!"

Zuhura alijikaza. Akashindwa.

"Mwongo wee! Mfuniko aliubeba askari wako, mlafi yule!"

"Mheshimu, yuko hai."

"Yuko hai kwa sababu kifo kimesikia harufu yake kikarudi!"

Mimi nikakohoa, nikatafuta chaki.

Tukamfunga marehemu kwa kipande cha kitambaa cheupe, tukamlaza kwenye kisanduku cha sindano. Dua hatukusoma, hatuchezei dini. Maandazi tulikula. Kisha Mwalimu akafungua daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: mtu akifa, mtani wake ana haki ya kumsimanga kabla ya kuzikwa, na dadu haihusiki. Akapigia mstari kwa rula.

Miezi yote hii nilidhani kazi yangu ni kuhakikisha Zuhura haumii. Kumbe angeweza kuumia kidogo, mradi asiachwe peke yake na maumivu. Kanuni ilifanya kazi yake. Sisi ndio tulibaki na kazi yetu. Kuanzia wiki ijayo dadu itarushwa kwenye sinia, katikati ya meza, machoni pa wote.

Kabla ya kuondoka Zuhura aliomba kopo la vifungo. Akachagua kama anayechagua mchumba, akatoka na kifungo kikubwa cheusi cha koti.

"Anaitwa nani?" Mwalimu akauliza, kalamu mkononi.

"Utamjua akishakuibia."

Nimebaki na swali moja tu. Huyu mgeni anataka kuiba nini? Zuhura amekataa kuniambia, na msimulizi eti ni mimi.