Mota ya Tatu na Mguu wa Mama

Ijumaa jioni, Kibeta. Mvua imenyesha tangu saa saba mchana, sasa yamebaki manyunyu. Natamani inyeshe na kesho pia. Naona aibu kuandika hivyo, maana kesho ni harusi ya mdogo wangu Koku, na dada gani humwombea bibi harusi mvua?

Naogopa. Niseme tu mapema.

Kesho kule Muleba, maharusi wakitoka kanisani, droni niliyoiunda mwenyewe inatakiwa kupita juu ya vichwa vya watu na kupiga picha. Nimehangaika nayo miezi minane hapa kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio na simu. Betri nimeiunga mwenyewe. Saketi za kuendesha mota nimezichora mwenyewe, nimezilehemu mwenyewe, nimezipima mwenyewe. Naliandika hilo neno "mwenyewe" nikijua kwamba ikianguka sina wa kumsingizia.

Tatizo lilianza hivi. Kila mota ina nyaya tatu, na kila waya una transista mbili, vilango vya umeme: ya juu inaingiza umeme, ya chini inautoa. Ya juu lazima ifunge kwanza ndipo ya chini ifungue. Kati yake unaacha pengo la muda, dogo kuliko kufumba na kufumbua. Zikifungua zote mbili kwa pamoja, umeme wa betri hauna habari tena na mota. Unakatiza moja kwa moja na transista zinaungua. Mimi nililipunguza pengo hilo ili mota zizunguke laini na picha isitetemeke. Nilitaka sifa, basi.

Jumatano nilikuwa kwa mama, Ijuganyondo. Wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa njiani, na mama alishatandika nyasi sebuleni, kama ilivyo desturi yetu Wahaya. Mezani palikuwa na sahani za wageni. Nikaona ni utovu wa adabu kurundika manyaya pale, nikaiweka droni chini. Ni fundi gani wa umeme anayeweka betri juu ya nyasi kavu? Lakini nimetambaa juu ya nyasi hizo, nimelala juu yake nikiwa mtoto. Kwangu si kuni, ni sakafu.

Nilivua mapanga yanayozunguka kuirusha, nikawasha mota zote nne. Dakika ya sita mota ya tatu ikapiga kelele, cheche ikaruka, nyasi zikashika moto.

Mimi niliwahi kuchomoa betri. Mama aliwahi moto, akaukanyaga kwa mguu wake, akiwa peku.

Wageni walipoingia, alishatandika nyasi nyingine pale palipoungua na kuufunga unyayo kwa kitambaa. Koku alipomuuliza, akasema, "Ni chai imenimwagikia, jamani waitu. Wewe angalia harusi yako." Kisha akanitupia jicho. Nikauacha uongo huo upite.

Tangu hapo nimebadilisha transista zote sita za mota ile, na pengo nimelirefusha. Leo asubuhi imezunguka dakika nne bila shida, nikaizima. Najua vizuri kwamba nne si sita. Najua pia kwamba bila mapanga mota haibebi kitu. Ikibeba ndipo inavuta umeme mwingi na kuchemka. Ni sawa na kusifia baiskeli ambayo haijapakiwa mkungu hata mmoja. Na droni ya mota nne ikipoteza moja haitafuti pa kutua. Inaanguka, na mapanga yaliyobaki yanazunguka.

Kwa nini sikuendelea kupima? Kwa sababu niliogopa jibu.

Mchana, kabla ya mvua, nilimpitia mama nimbadilishie kitambaa. Kidonda bado kibichi. Yeye wala hakukitazama, alikuwa na habari zake: amewaambia akina mama wote wa kanisani kwamba binti yake, yule waliyemcheka kwa kushinda na bisibisi, kesho atarusha ndege. Alikuwa na furaha hadi nikataka kulia. Akaniuliza, "Mwanangu, nikae upande gani niione vizuri?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Mama, wewe ubaki ndani ya kanisa mpaka itue."

Akauliza polepole, "Na mama za wenzako?"

Nilifunga kitambaa, nikaondoka, na mvua ikanikuta njiani, Rwamishenye.

Sasa mapanga yote manne yako mezani mbele yangu, na kesho siyafungi. Koku nimempigia kumwambia droni haitaruka. Sikuanza na droni, nilianza na mguu wa mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakata simu. Sijui kesho ataniangalia vipi, na wale akina mama wa kanisani watacheka mpaka wachoke. Hilo naliogopa pia, ila ni woga ambao naweza kulala nao.

Mvua imekatika. Huenda kesho kukawa na jua zuri la harusi, na mama akasimama nje popote anapotaka.