Valvu Yako Imefika, Kulwa

Kulwa,

Kifurushi chako kilifika tukiwa tumesharudi kutoka Mwamapalala kukuzika. Simu iliyoita kuniambia kifurushi kimefika ilikuwa simu yako. Mpaka leo ninaichaji, sijui kwa nini.

Nilikwenda mwenyewe ofisi ya mabasi. Dada wa mizigo akasoma jina kwenye boksi, akanitazama. "Kulwa ndiye wewe?" Nikamwambia mimi ni Doto. Uso wake ukachangamka. "Kumbe pacha! Sasa Kulwa mwenyewe yuko wapi? Anajifanya mkubwa, anakutuma wewe!"

Nilisema umesafiri.

Unajua mambo ya kwetu. Ukijitaja Doto, lazima uulizwe Kulwa. Zamani nilipenda, ilikuwa kama kutembea na mtu hata nikiwa peke yangu. Sasa kila mgeni ananiuliza ulipo, kwa tabasamu, kwa nia njema, na mimi namdanganya. Kwa muuza nyanya uko Mwanza. Kwa mwalimu mpya shuleni kwetu uko Dodoma, kazini. Nimekupeleka miji mingi, kaka yangu.

Nilifungua boksi juu ya kitanda chako. Valvu ni ya chuma, inaenea kwenye kiganja, nzito kuliko nilivyodhani. Nikakumbuka siku uliyonieleza kazi yake kwa kutumia mashavu yako. Uliyajaza upepo, ukasema kwa shida, hii ndiyo turbo, inasukuma hewa kwenye injini. Dereva akiachia pedeli ya mafuta ghafla, hewa inakosa pa kwenda. Ukanionyesha nikubonyeze shavu. Pshuu! "Hiyo ndiyo valvu." Mama akakufukuza jikoni: "Mate yako kwenye mboga yangu!" Lakini ulikuwa ukiutoa mlio huo tangu tuko shule ya msingi, ukiendesha baiskeli ya Baba, ukibadili gia ambazo haina.

Gari lilikuwa limekaa mbele ya nyumba chini ya turubai. Mama ndiye aliyelifunika, akawa anapita mlango wa nyuma ili asilione. Baba mdogo alikuwa amepata mnunuzi, mtu wa Binza kule Maswa. "Gari linalokohoa unalitunzia nini, mwanangu? Utalilisha pumba?" Nikamwomba asubiri Jumamosi ipite. Akacheka. "Haya. Likienda Mwamapalala na kurudi bila kukohoa, ni lako. Likishindwa, Jumatatu linaondoka."

Sikuwa nimewahi kushika spana, Kulwa. Kazi yetu tuligawana: wewe ulilala chini ya gari, mimi nilikaa kwenye ndoo na karatasi ya maelekezo ya Kiingereza. "Soma, Doto." Nasoma, unafungua. Nikifika kwenye maonyo, unasema, "Ruka hapo."

Ijumaa mchana nilipandisha gari kwenye jeki, nikaweka mawe chini kama ulivyokuwa ukifanya, nikakaa kwenye ndoo. Nikasoma kwa sauti. Nilipomaliza sentensi ya kwanza nikanyamaza, nikisubiri kusikia chuma kikigusa chuma. Hakuna. Ilibidi niiweke karatasi chini, nilale, nifanye nilichosoma, kisha nitoke, nijifute mikono, nisome tena. Mchana kutwa ilikuwa hivyo. Nadhani sijawahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa kati ya ile ndoo na ule uvungu.

Bolti ya tatu iko mahali ambapo jicho halifiki, unaipata kwa vidole tu. Hukuwahi kuniambia. Valvu ya zamani ilipotoka, raba yake ya ndani ilikuwa imechanika, kama ulivyosema. Nilitamani kukuonyesha. Nikageuka kabisa, mdomo wazi.

Karatasi ilisema hivi: kama gari lako hupima hewa inapoingia, ziba tundu la nje kwa kizibo kilichomo kwenye boksi, ili hewa irudi ndani. Nilisoma vizuri sana. Kisha nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ruka hapo." Nilijua ulichotaka. Hewa itoke nje, na mlio usikike.

Na ulisikika! Jumamosi asubuhi Baba mdogo alikaa pembeni yangu, nikabadili gia, pshuu, watoto wa jirani wakashangilia, mimi nikalia huku nacheka. Tulipofika njia panda ya kiwanda cha pamba nikaachia mafuta, injini ikazama, ikazimika. Nikawasha. Ikazimika tena. Nyuma yetu lori lililojaa pamba likapiga honi, dereva wake akapaza sauti: "Dada, limechoka hilo, lilaze!" Baba mdogo alishuka kusukuma na viatu vyake vya kanisani. "Unaona? Lenyewe limekataa."

Nilimwambia siku haijaisha. Hapo hapo kando ya barabara nilielewa. Gari lilikuwa limeshaihesabu ile hewa na kuipimia mafuta yake. Mimi nikaitupa nje. Mafuta yakabaki peke yake, yakaizamisha injini. Nikalala chini, na gauni langu, nikaanza upya. Kizibo kilikuwa mfukoni. Kukiweka ilikuwa kama kukufunga mdomo. Nisamehe. Ilikuwa ama mlio wako au gari lako.

Niliporudi nyumbani, Mama alikuwa amesimama mlango wa mbele. Sijui Baba mdogo alimwambia nini kwenye simu. Alikuwa na khanga mbili na chupa ya maji. Akapanda kiti cha nyuma.

Barabara ya Mwamapalala ilikuwa nyeupe pembeni, pamba iliyodondoka kwenye malori imenasa kwenye miiba. Gari lilivuta vizuri, Kulwa. Halikukohoa hata mara moja. Lilikuwa kimya tu. Tulikaa kaburini, Mama akang'oa majani, tukaondoka. Kwenye kilima cha kwanza nilibadili gia, na kwenye ule ukimya nikasikia nyuma yangu, kwa midomo, polepole:

"Pshuu."

Sikugeuka. Baba mdogo akatazama dirishani. Gia iliyofuata niliibadili taratibu, nikamsubiri Mama. Akaifanya tena.

Gari limebaki. Leo nitaizima simu yako na kuiweka ndani ya boksi la valvu. Na nakuahidi hivi: mtu mwingine akiniuliza Kulwa yuko wapi, sitakusafirisha tena. Nitasema amefariki, tumemzika Mwamapalala, na mimi bado ni Doto. Nitaanza na yule dada wa ofisi ya mabasi.

Pumzika, kaka. Mimi nitasoma, na mimi nitafungua.

Doto