Tangazo la Ildefonsi

Kaisho, 3 Juni 1997

Mwanangu Therese,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hatujambo, ila miguu ya baba yako inavimba tena. Kikohozi chako je?

Tangazo la msiba ulilotuma limefika, na limetutisha. Pale pa picha ya kaka yako pana sanduku tupu lenye mistari miwili iliyokatana, kama mtu amemfuta. Na maneno yameachana hata mbuzi anaweza kupita katikati! Jumuiyani wanasema Ildefonsi amekataa kutangazwa. Nilishindwa kula. Tangu avuke mto wa mpakani kumtafuta mjomba wenu, mwaka ule wa vita, naota yuko mlangoni wala haingii. Baba yako anasema basi, tuzike mgomba mahali pa mwili wake, tuanue matanga, apumzike nasi tupumzike.

Niambie kweli, hiki ni nini?

Mama yako,
Mukashema

Bukoba, 14 Juni 1997

Mama mpenzi,

Shikamoo, na baba mpe shikamoo yake. Kikohozi kimeniacha.

Mama jamani! Hakuna mzimu, kuna mimi na haraka zangu. Kompyuta ikipanga ukurasa haiiweki picha ndani, inakumbuka tu mahali ilipo. Nikauchukua ukurasa kwenye disketi kwenda kuuchapa kwa mashine ya bosi, picha nikaiacha kwenye mashine yangu. Ukurasa ukaitafuta, ukaikosa. Na maneno niliyalazimisha yafike kingo zote mbili. Kwa kuwa ni machache, kompyuta ikayatawanya ili mstari ujae. Sasa nimeyaacha yaishie yanapoishia, na picha nimeiweka disketi moja na ukurasa. Ilipotoka niliitazama mpaka bosi, Mzee Abdulghani, akaniuliza kama nalia. Nikamwambia ndiyo.

Nimetuma nakala za kutosha. Moja mbandike kanisani Rugu, tulikokaa kabla ninyi hamjahamia Kaisho. Kule ndiko wanakomjua.

Binti yako,
Therese

Kaisho, 29 Juni 1997

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima.

Ametokea! Anatazama vilevile kama alivyokuwa akitaka kukuchokoza. Baba yako amelipeleka Rugu mwenyewe na kulibandika mlangoni mwa kanisa. Mgomba tunauzika katikati ya Julai, baada ya misa. Njoo.

Mama yako

Bukoba, 20 Agosti 1997

Mama,

Shikamoo. Mmenikasirikia kwa kutokuja? Kazi ilinibana, haki ya Mungu. Mbona kimya hivi? Hata kama ni kunigombeza, niandikieni.

Binti yako

Kaisho, 2 Septemba 1997

Therese,

Nisamehe, salamu leo sina.

Mgomba tuliuzika, watu wakaimba vizuri. Baadaye nikaenda Rugu kuwashukuru majirani. Kokuberwa, tuliyepakana naye shamba, hakutaka kunitazama usoni. Nikambana mpaka akasema.

Siku chache kabla ya misa, mtu alisimama uani kwake, amekonda, anachechemea. Akasema, "Shikamoo mama. Kwetu, kwa Mbonimpa, wamekwenda wapi? Mbona nyumba imeanguka?" Kokuberwa alikuwa ametoka kanisani kulisoma tangazo. Akaijua sura, ni ile ile ya pichani. Akapiga yowe, akafunga mlango, akamfukuza kwa jina la Yesu arudi kwa wafu wenzake. Alimsikia akilia huko nje, akimwita, akimtajia majina ya watoto wake Kokuberwa ili amwamini. Hakufungua. Kulipokucha hakuwepo.

Nikamwuliza, Kokuberwa wee, mzimu unaacha nyayo? Akasema nyayo alizikuta, mguu mmoja umeburuzwa mpaka barabarani.

Baba yako ameufukua mgomba kwa mikono yake.

Wewe sikulaumu, mwanangu, sote tulilitaka tangazo lile. Ila nitengenezee jingine upesi, kwa picha ile ile. Marehemu usiandike. Andika: "Ildefonsi, hatukujua. Tuko Kaisho. Njoo nyumbani." Nitalibandika mwenyewe, kanisa kwa kanisa, mpaka mpakani.

Mama yenu