Imekataa Kukwama Nikiwa Ziwa

Jumanne

Na leo ndio ikaamua kufanya kazi! Kila asubuhi makarani wetu wa maziwa wakituma kilo za maziwa ya wakulima kwa simu, database inakwama. Kusoma inasoma vizuri, ni kuandika tu ndio inagoma, na lori haiondoki mpaka rekodi ziingie. Jana maziwa ya kituo cha Kapseret yalikaa juani hadi yakamwagwa.

Nimeangalia server zote huko kwa cloud. Diski ziko sawa, network iko sawa. Bosi akiniuliza shida ni nini, nasema "naangalia". Nimechoka na hiyo "naangalia".

Nikaenda kituo cha Ziwa nijionee. Mama Jepto, karani wa huko, akanipa kiti na chai. Kila mkulima akipimiwa maziwa, Mama Jepto anatuma, na inaingia mara moja.

"Imekuogopa," akacheka.

Nikiaga ndio akaniambia, "Leo nimetuma mmoja mmoja kwa sababu ya mgeni. Siku zingine tunangoja lori ipige honi, tunatuma zote pamoja. Mkulima akipata meseji ya kilo zake kabla ya jirani yake, hapa ni vita."

Nikarudi town nikiimba. Rekodi zote kwa mpigo mmoja, lazima ikwame!

Halafu nikapigia karani wa Kapseret. Yeye hutuma mmoja mmoja kila siku. Hata jana alituma hivyo, na bado ikakwama.

Sasa bosi anataka ripoti asubuhi. Nimwandikie nini, kwamba database hupona nikinywa chai?