Pale Uliposimama Katika Ngoma ya Yustina

Mama,

Swali ninaloshindana nalo tangu tulipokuzika ni hili: mtu akisahau mbele ya kamera, watakaomtazama baadaye watamkumbuka yeye, au watakumbuka kusahau kwake? Chuoni niliwahi kuliandika kwa maneno makubwa zaidi. Nikirudi kijijini kwetu Kasense linakuwa dogo, na linauma zaidi.

Ilikuwa harusi ya mdogo wangu Yustina. Ulitangulia mstari wa wanawake, mikono yako ikipepeta ulezi usiokuwepo. Baada ya kupepeta ilikupasa uiname, kama mtu anayeokota punje. Hukuinama. Ulisimama, ukaitazama mikono yako, ukamuuliza Shangazi, "Wifi, hii harusi ya nani?" Naye, akidhani ni utani wenu wa siku zote, akakujibu, "Ya mwanao. Au umefuata pombe tu?" Watu wakacheka. Nawe ukacheka, ukageuka, ukaendelea. Ugonjwa wako ulikuwa bado haujapata jina.

Mpiga video aliyekodiwa kutoka Milanzi alinasa yote. Ulipofariki aliuhamishia mkanda kwenye sidii, akabandika muziki juu ya maneno yako, akaanza kuuza. Sasa wasichana wa hapa wanajifunza ngoma kwa kukutazama wewe. Wanapepeta, wanasimama, wanaitazama mikono yao, wanageuka. Wote kwa pamoja, kwa unadhifu wa kutisha. Hapo ndipo vigelegele huwa vingi kuliko popote.

Shangazi alijaribu kuwaonyesha kuinama. Msichana mmoja akamwambia, wala si kwa ubaya, "Bibi, umesahau. Kwenye sidii hakuna hivyo." Mwingine akadakia, "Mwacheni, ameangusha sindano." Shangazi akacheka pamoja nao, kama ulivyocheka wewe.

Katika harusi iliyofuata nilimwangalia. Alipepeta vizuri, kwa ule uzito wa mabega mliokuwa nao nyote wawili. Kisha akasimama. Akaitazama mikono yake. Baadaye nilipomuuliza, alinishangaa: "Mwanangu, si ndivyo alivyokuwa akicheza mama yako?"

Nilirudi kwenye deki, nikakutazama tena.

Ninaandaa onyesho, Mama. Picha yako ya sidii itaangazwa juu ya shuka jeupe, nami nitacheza mbele yako. Mwanzoni niliamini kwamba kusimama nawe ndiyo heshima. Sasa naona kwamba nikisimama nitakuwa nimejiunga na wale wasichana, na nikiinama nitakuwa ninakusahihisha mbele ya watu, wewe usiyeweza kujitetea. Hata huko kuinama sina tena hakika nako. Nimekurudisha nyuma kwenye deki mara nyingi mno, kiasi kwamba sijui kama magoti yangu yanafuata ulichonifundisha uani, au kitu nilichokitunga kwa sababu nilikihitaji.

Hilo halijatatuka, na sioni litatatukaje. Shangazi amekwisha kuhamia upande wa sidii. Na wewe nilikuuliza ungali hai, nikainama mbele ya kitanda chako ili unikosoe. Ulinitazama kwa upole mwingi, ukaniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Pumzika, Mama. Utakaposimama kwenye shuka lile, mimi nitainama. Nakuahidi hilo tu. Siahidi kwamba nitakuwa sahihi.

Mwanao, kama bado unamjua.