Maji Niliyochota Mbele ya Kisiwa Chetu

Nyakabiga, Bujumbura

Yaya wangu Kashindi,

Nakusalimu wewe kaka yangu mkubwa, na Mama, na wote wanaolala chini ya paa letu. Natumaini kifua cha Mama kimetulia tangu mvua ipungue, na lile goti ulilogonga kwenye mwamba limepona. Mimi ni mzima. Nalala kidogo na chakula hakipiti vizuri, lakini siyo ugonjwa. Ni jambo ninalotaka ulipate kutoka kwangu, kwa maandishi. Kwenye simu nisingeweza, maana huko kwetu mpaka mtu apande juu ya jiwe ndipo apate réseau ya simu, na ukiwa pale juu kisiwa kizima kinasikiliza. Barua hii nimempa yule mama wa vitenge anayekuja kununua bidhaa huku mtaa wa Asiatique. Ameahidi kuitia mkononi mwako.

Tulipokuja na boti ya kazi, mimi na wenzangu wawili wa labo, maabara yetu, mlitucheka kwamba tumetoka Bujumbura kote huko kuja kuchota maji. Siku ile nilikueleza haraka haraka. Samaki akipita mahali anaacha ute, magamba, kinyesi. Ndani ya hivyo mna vinasaba vyake, alama ndogo mno ambayo kila aina ya samaki anayo ya kwake. Tunachota maji, tunayapitisha kwenye chujio, na kinachobaki juu ya chujio tunakileta labo. Mashine ikikisoma inatuambia ni samaki gani walipita pale, hata kama hakuna aliyewaona kwa macho. Ndivyo tunavyopima visiwa vya mbali ambako hakuna wa kukaa mwaka mzima akiangalia samaki.

Majibu yalipotoka, chupa moja tu kati ya zote za kisiwa chetu ilikuwa na alama ya kuhe, yule samaki mkubwa. Ni ile niliyochota mchana kwenye mkondo, kati yetu na kile kisiwa kidogo kisicho na watu, pale unapotupa wavu wako. Wewe mwenyewe unajua ni miaka mingapi hakuna aliyevua kuhe pale. Shefu wetu, Madame Goreth, aliita watu wa ofisi za jirani waje kuona. Akaniambia kamati ya nchi za ziwa ikipata ripoti hiyo, mkondo utafungwa, hakuna wavu utakaotupwa tena, kwa sababu kuhe hutagia mahali kama pale, kwenye maji ya kina kifupi, dume na jike wakilinda watoto wao pamoja.

Nilikuwa nakufikiria wewe na wenzako wa mtumbwi. Halafu nikakumbuka jambo lingine, na hilo ndilo lililonitoa jasho.

Asubuhi ile wifi alinifungia kuhe mkavu, yule wa kununua soko la ng'ambo. Mchana tulimla ndani ya boti. Nilinawa ziwani, nikavaa glavu. Lakini chujio la chupa ile lilikwama, nikavua glavu moja nikaling'oa kwa kucha zilezile zilizomshika samaki. Nilimaliza kazi na sikuandika popote. Kila siku huwa tunachuja palepale chupa moja ya maji safi ya dukani, ili kujua kama mikono yetu ni safi. Siku ile tulikuwa tumeichuja asubuhi, kabla ya kula. Kwa hiyo haikuweza kunitetea wala kunishtaki.

Yaya, siku mbili nilitembea na jambo hilo kifuani. Nikisema, nitaonekana mzembe, na mkataba wangu unakaribia kwisha. Nisiposema, watawafungia watu maji yao kwa sababu ya chakula changu. Siku ya tatu nikaingia kwa Madame, nikamweleza yote, kuanzia kifurushi cha wifi mpaka ule ukucha.

Hakupaza sauti. Alifunga faili lililokuwa mbele yake, akaniangalia.

"Riziki, we ni mutu wa kile kisiwa. Ndugu yako anavua wapi?"

"Palepale kwenye mkondo, Madame."

"Basi mi nitajuaje kama kweli ulikula hiyo samaki? Nitajuaje kama hausemi hivi juu ya kuokoa wavu wa ndugu yako?"

Nilikuwa nimejiandaa kuitwa mchafu wa kazi. Kuitwa mwongo sikuwa nimejiandaa. Hata wale wenzangu wa boti, alipowaita akawauliza, walisema samaki tulimla lakini hawakuniona nikivua glavu.

"Apana, siwezi kukuonyesha ushahidi," nikamwambia. "Tuma wengine wachote upya. Mi nisiguse kitu."

Akanyoosha mkono nimpe ufunguo wa chumba cha mashine. Tangu siku hiyo nikawa mwosha chupa, huku wenzangu wakinyamaza kila nilipoingia. Aliyetumwa ni Révérien, mwenzetu mwingine wa labo, yule mrefu ambaye Mama alimpa chai alipokuja huko. Alipofika huko ulinipigia ukaniuliza wamerudia nini, nami nikasema sijui. Nilikudanganya, unisamehe. Niliogopa kwamba ukijua utampeleka kuchota mahali pengine, na mimi ndiye ningekuwa nimekutia kwenye kosa.

Nikuambie na hili, maana wewe sikufichi. Kila asubuhi nilimwomba Mungu kuhe wasionekane. Nilitaka mkondo ubaki wazi na mimi nionekane mkweli, vyote viwili kwa pamoja.

Juzi Madame aliniita. Révérien alichota siku nne mfululizo, chakula chao kikiwa mikate na ndizi tu, na maji ya dukani yakachujwa kabla na baada ya kila zamu. Maji ya dukani hayakuwa na kitu. Chupa za mkondo zilikuwa na kuhe, zote. Wapo, Yaya. Wanapita chini ya mtumbwi wako na hamjawaona.

Madame alinirudishia ufunguo. Akasema, "Nilikuwazia vibaya. Mutu wa kuokoa wavu hangeomba wengine wachote upya." Kisha akanisogezea ripoti nitie sahihi, kwa kuwa kazi ya kisiwa kile niliianza mimi. Akasema kama mkono unakataa ataelewa, jina la Révérien litatosha.

Niliishika kalamu muda mrefu. Nilikuona wewe unavyokunja wavu, na watoto wako wanavyokimbilia mtumbwi. Lakini nilifikiri, jina langu lisipokuwepo, nyumbani mtasema ni wageni waliotufungia maji. Na siyo kweli. Nikasaini.

Kabla ya kuirudisha niliomba iongezwe sentensi moja, naye akakubali. Inasema kwamba mkondo usifungwe kabla ya kukaa na wavuvi wa kisiwa, kwa sababu wao ndio wanaojua kuhe anaweza kulindwa wapi na wavu unaweza kuhamia wapi. Sijui kamati itaisikiliza kiasi gani. Sitakuahidi nisichokuwa nacho.

Watu wa kamati watakuja huko kiangazi, na nimeomba nije nao. Kama utashindwa kunipokea kama dada yako, nitalala kwenye boti na wengine, sitalalamika. Ila usikose kwenye kikao chao na wavuvi. Ukikaa nyumbani kwa hasira, watauliza habari za mkondo ule kwa mtu asiyeujua.

Mama umwambie wewe, kabla hajasikia kwa watu. Nisalimie wifi, na umwambie samaki wake hana kosa lolote. Nisalimie mjomba anayeshona nyavu. Huyo najua atanikasirikia kuliko wote. Wasalimie pia mwalimu wa kwaya na shangazi wa kule bandarini. Wenzako wa mtumbwi uwasomee barua hii yote, usiruke mahali.

Ni mimi mdogo wako, na jina langu utalikuta chini ya ile ripoti,

Riziki