Mama Mkwe na Jinamizi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepanda ngazi za kituo cha televisheni mbilimbili, lifti mbovu tena. Mkuu wa vipindi — sisi tunamwita Bwana Asilimia, mbele yake tunasema Mheshimiwa — kanipa karatasi ya watazamaji bila hata kunitazama usoni. Dalili nzuri! Takwimu zikiwa mbaya hunikaribisha kiti.

Laki tatu na ushee. Ile kampuni kubwa, yenye fataki na magari yanayoingia mpaka ulingoni, ina laki saba. Mwaka jana walikuwa wanatuzidi mara sita! Na sisi tuna nini? Ulingo mmoja, ukumbi wa kukodi, wanamieleka kumi na wanne, na mdhamini anayeuza magodoro. Kipindi chetu ni Jumatano saa kumi na moja jioni, nusu ya watu bado wako njiani kurudi makwao. Nimeshuka ngazi naimba.

Kocha, mwanamke mwenye kampuni yetu, hakuangalia jumla. Yeye jumla haimshughulishi kabisa. Kaenda moja kwa moja kwenye grafu ya dakika kwa dakika, kaweka kidole kwenye mstari na kuufuata taratibu, miwani imemshuka puani, lile sikio lake lililovunjika enzi zake za mieleka limenielekea mimi. Hapa wameondoka, anasema. Hapa wamerudi. Nani alikuwa ulingoni?

Jinamizi. Kila mstari unapopanda, ni Jinamizi na barakoa yake nyeusi anaingia. Nikajifanya nahesabu tiketi. Mke hasifii mumewe hadharani.

Jumatano, 5 Machi

Jinamizi huyohuyo asubuhi alikuwa anazunguka nyumba nzima anatafuta soksi.

Jioni tumetazama kipindi na Mama, yaani mama mkwe wangu. Tunarekodi Jumapili, kinarushwa Jumatano, kwa hiyo mwenzangu anakuwepo nyumbani kujitazama. Mama haketi. Husimama nyuma ya kochi, mikono kiunoni, kama anasimamia mtihani. Sukari, mwanamieleka kipenzi chake, akianguka, Mama anashika kifua. Jinamizi akiingia — maskini mimi! Leo kauliza, hivi jitu hili halina mama? Mwenzangu yuko pale mbele yake anamenya chungwa. Akajibu polepole, "Labda linaye, Mama." "Lingekuwa naye lingefunzwa adabu!" Ilibidi nikimbilie chooni kucheka.

Kisha nikaacha kucheka. Maana kiapo ni kiapo. Miaka mitatu iliyopita mwenzangu alipigana kwa sura yake mwenyewe, akaanguka vibaya, shingo ikavunjika. Mama ndiye aliyemlisha kwa kijiko. Alipoanza kusimama, Mama akamwapisha: ulingoni hupandi tena. Akaapa. Kocha akampa kazi ya kufunga ulingo, mbao na kamba. Mama anajua hadi leo hiyo ndiyo kazi yake, na anajivunia! "Ulingo wa mwanangu huo. Umeona ulivyokazwa?"

Halafu yule Jinamizi wa kwanza akahamia kampuni kubwa, barakoa ikabaki inaning'inia kwenye msumari. Wiki moja tu, mwenzangu aliniambia, nimsaidie Kocha. Wiki hiyo sasa ina mwaka na miezi.

Siwezi kumkataza. Nimejaribu. Lakini nikimwona anavyomnyanyua mtu wa kilo mia na kumbwaga, ukumbi mzima ukapiga yowe, na yule mtu kule chini hajaumia hata ukucha! Mshindi tunampanga, ndiyo, kila mtu mzima anajua. Lakini kumtunza mwenzako huku watu laki tatu wanaamini unamuua — hicho ni kipaji. Nampenda yule mtu. Nimeandika basi.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimegundua jambo.

Jumatano ile, kwa mchezo tu, niliandika nyuma ya bahasha kila wakati Mama alipokwenda jikoni. Mara tatu. Pambano la mapacha — kaenda kubandika chai. Hotuba ndefu ya Sukari — kaenda kukoroga, pamoja na mapenzi yote hayo! Mara ya tatu kaenda kuosha kikombe. Leo nimeiweka bahasha juu ya grafu. Mabonde matatu, mahali palepale! Nchi nzima imeinuka na Mama na kurudi na Mama.

Kocha kaitazama bahasha, kaitazama grafu, akavua miwani. "Nipeleke kwa huyo mama."

Jumatano, 12 Machi

Kocha kaja na mkate na sukari, kajitambulisha kama bosi wa fundi ulingo. Mama kampokea kwa heshima zote, kisha kipindi kilipoanza kamsahau kabisa. Kocha hakutazama televisheni hata kidogo. Alikuwa anamtazama Mama. Kocha huyu aliwahi kubeba wanaume mabegani, leo amekaa kwenye kigoda changu kama mwanafunzi!

Mama kachambua kila kitu bila kuulizwa. Mapacha wanacheza kama wanaogopa kuchafuka. Sukari aongee kidogo, apigane zaidi. Na Jinamizi? Kocha kauliza hivyo, kwa upole, mwenzangu kainamia chungwa lake. Mama kafikiri kidogo. Kasema analichukia sana, ila likiwa halipo, moyo unapoa, mtu anakumbuka vyombo.

Mlangoni Kocha kaninong'oneza kwamba kituo kinalipia mitambo mizima kupata nusu ya hayo. Kisha akanishika mkono. "Hajui?" Hajui. Kaondoka.

Jumanne, 25 Machi

JUMAMOSI! Saa moja jioni, saa nzima, moja kwa moja! Bwana Asilimia ametuita Kocha na mimi, na safari hii viti tulipewa kwa heri. Wiki mbili mfululizo tumepanda. Kocha kawapunguza mapacha, kamkata Sukari hotuba, yaani kafuata ushauri wa Mama neno kwa neno, na yale mabonde karibu yote yamefukiwa. Kituo cha nchi jirani kimeuliza bei ya kanda zetu. Mtu wa magodoro anataka jina lake liandikwe kwenye turubai ya ulingo, watu wawe wanaangukia godoro. Hana dogo yule!

Ila kuna ila. Saa ya Jumamosi tunapewa siku moja ya majaribio, tarehe kumi na mbili Aprili. Tukishindwa, tunarudi Jumatano yetu kimyakimya. Bwana Asilimia alitaka tulete mchekeshaji maarufu apigane. Kocha kamwambia, Mheshimiwa, watakuja kumtazama mchekeshaji, na wiki inayofuata wataenda kumtazama huko kwingine. Sisi watu tunao.

 Garini Kocha kasema: tumvue Jinamizi barakoa.

Najua Kocha anavyofikiri. Anayevuliwa barakoa huleta watu mara moja, hata Asilimia anajua hilo. Kocha anafikiria Jumamosi ya pili na ya tatu. Chini ya ile barakoa kuna mtu ambaye watazamaji walimwona akibebwa kwenye machela, wakaambiwa hatarudi. Chuki ya mwaka mzima inageuka hapohapo. Hiyo stori haiishi wiki moja. Anaona mbali huyu mwanamke! Na amesema hafanyi bila ridhaa ya mwenzangu, hata kituo kikifunga mlango.

Mwenzangu alisikiliza, akauliza ni ajira ngapi tukipata Jumamosi. Kocha kamjibu. Akasema sawa.

"Na Mama?" nikauliza mimi.

"Nitamwambia."

Jumatano, 2 Aprili

Hajamwambia.

Tangazo limeanza. Jinamizi dhidi ya Sukari, atakayeshindwa — kama ni Jinamizi — anavuliwa barakoa. Mama kapiga vigelegele peke yake sebuleni! Kamwambia mwanawe akaze kamba vizuri siku hiyo, lisije likapata pa kutorokea. Mwenzangu kasema ndiyo Mama. Nilimfinya mpaka akaruka.

Alhamisi, 3 Aprili

Balaa. Mama kasema siku hiyo hatazami kwenye kioo. Anakuja ukumbini. Nimemwambia kuna msukumano, kelele, viti vigumu. Kasema amengoja mwaka mzima, kiti kigumu ni nini. Anataka mstari wa mbele.

Jioni mimi na mwenzangu tumegombana chumbani kwa sauti za chini, ule ugomvi wa kutafuna maneno. Nimemwambia wazi: akiiona sura yako pale mbele ya watu, bila kujua, hiyo ni aibu utakayompa mbele ya dunia. Mtu aliyekulisha kwa kijiko! Kasema anajua. Kasema anaogopa. Mtu ambaye ukumbi mzima unamwogopa! Nikashindwa kuendelea kukasirika.

Ijumaa, 11 Aprili

Siku ya mwisho ya kusema. Mwenzangu ameamka mapema. Katengeneza bomba la jikoni. Kapiga msumari kiatu cha Mama. Kabadilisha balbu ambayo haikuwa imeungua. Kamkata Mama kucha za miguu, kidole kimoja kimoja, mimi nimesimama mlangoni namkazia macho. Kafungua mdomo mara mbili. Mama kamuuliza, mbona leo mwema hivi, unataka kukopa? Akacheka. Akaokota kucha, akaenda kuzitupa.

Tiketi zimekwisha tangu saa sita mchana. Haijawahi kutokea. Watu wanapanga foleni kuuliza kama kuna nafasi ya kusimama, na mimi ningepaswa kuwa mbinguni kwa furaha.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandikia kwenye meza ya mitambo, katikati ya mambo. Lazima niandike, nisipoandika nitapiga kelele.

Mama kaja na nguo yake ya kijani, ya sherehe. Nimemkalisha mstari wa mbele, nimepiga magoti pale sakafuni, nimemshika mikono. Nikaanza: Mama, kuhusu Jinamizi — Kanikatisha. "Nyamaza mwanangu, wanaanza." Taa zikazimwa. Kocha ananiita kwenye kisikilizio. Nimekimbia. Nimekimbia kweli, siwezi kusingizia.

Pambano zuri kuliko yote niliyowahi kuona.  Sukari hajaongea neno! Mwenzangu kampa kila kitu, karushwa kila upande, watu wamepanda juu ya viti. Mama kwenye skrini namba mbili anapiga yowe, "Mvue! Mvue!", ngumi hewani.

Kisha Sukari kamkaba shingo, kama tulivyopanga. Mwenzangu kasogeza bega la kushoto juu, kidogo sana, kulinda pale palipovunjika. Kitu cha nukta moja, mimi mwenyewe nimekiona kwa sababu nakijua. Mama akaacha kupiga yowe. Ngumi ikabaki hewani, kisha ikashuka taratibu mpaka mdomoni.

Kocha kaona. Hakuna kinachompita. "Kamera ya pili, baki kwa mama."

Hesabu tatu. Jinamizi kashindwa. Sukari kafungua kamba za barakoa moja baada ya nyingine, ukumbi unaimba. Ikatoka.  Halafu ile sauti — sijui niiiteje, watu elfu mbili wanavuta pumzi. Wamemkumbuka. Mtu mmoja juu kule kaanza kuita jina lake la zamani, wengine wakaitikia, na mstari wa watazamaji hapa mbele yangu unapanda haraka kuliko mitambo inavyoweza kuuchora.

Na Mama kainuka. Kapita walinzi wawili, sijui vipi. Kaingiza mguu mmoja kati ya kamba, nguo ya kijani imenasa, kaivuta, kaingia. Mlinzi kauliza amtoe? Kocha kasema asiguswe. Kisha akasema, matangazo! Kwa sababu ni lazima, mtu wa magodoro amelipia dakika hizi.

Kwa hiyo nchi nzima sasa inatazama magodoro. Mimi natazama skrini namba mbili, haina sauti. Mwenzangu amepiga magoti. Mama amesimama mbele yake anasema, anasema, kidole usoni. Mwenzangu anaitikia kwa kichwa. Ukumbini hakuna aliyekwenda kununua soda. Hakuna hata mmoja aliyeinuka!

Bwana Asilimia kapiga simu. Kamwambia Kocha kwamba Jumamosi ni yetu, mwaka mzima, ilimradi tukirudi tuwaonyeshe hao wawili kwa karibu, na sauti iwe wazi.

Kocha kaweka simu chini.  Kanigeukia mimi. "Yule mama hajasaini mkataba na mimi. Hajui hata kama anaonekana. Ni mama mkwe wako. Matangazo yakiisha, nibaki kwa hao wawili au niende kwa Sukari? Sema wewe, nitafanya hivyo."

Mama amemaliza kusema. Amemshika mwanawe shingo kwa mikono miwili, anapapasa mfupa kwa vidole, polepole, anatafuta kama pamevunjika tena. Yule mwanamume mzima kafumba macho.

Zimebaki sekunde ishirini. Kocha bado ananitazama, mkono juu ya swichi. Naandika ili nisijibu.

Kumi.